Msaada wa kisheria bila malipo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu yeyote mwenye jambo la kisheria na asiye na fedha za wakili. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo majibu haya yanaeleza namna huduma hizi zinavyofanya kazi kwa kawaida, na pale inapobidi nchi imetajwa kwa jina. Kama una karatasi ya mahakama mkononi na tarehe yake imekaribia, anza na swali la hati ya wito, mengine utayasoma baadaye.

Msaada wa kisheria bila malipo ni nini hasa?

Ni huduma ya kisheria anayopewa mtu asiyeweza kumlipa wakili. Wengi wakisikia maneno hayo huwaza wakili aliyevaa joho akisimama mbele ya hakimu. Hiyo ni sehemu ndogo. Kazi kubwa hufanyika mezani: kukueleza sheria inasemaje kuhusu jambo lako, kuusoma mkataba pamoja nawe kabla hujatia sahihi, kuandika barua ya madai, kuandaa hati za kufungulia shauri, kuwakutanisha wanaogombana wasuluhishwe, kukuandaa namna ya kujieleza kama utasimama mwenyewe mahakamani. Hata mafunzo ya sheria yanayotolewa mikutanoni au redioni ni sehemu ya msaada huo.

Ni hisani au ni haki yangu?

Kwenye kesi za jinai, ni haki. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inataka mshtakiwa asiye na uwezo apewe wakili bila kulipa chochote, pale maslahi ya haki yanapohitaji hivyo.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri katika kesi ya Clarence Earl Gideon. Mwaka 1961, huko Florida nchini Marekani, alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool na kuiba. Aliomba wakili akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliandika ombi kwa penseli, akalipeleka Mahakama ya Juu. Mwaka 1963 majaji wote wa mahakama hiyo waliamua kwamba mshtakiwa maskini hawezi kuhakikishiwa kesi ya haki asipopewa wakili. Kesi ikasikilizwa upya, safari hii wakili akimhoji shahidi mkuu wa upande wa mashtaka, na Gideon akaonekana hana hatia. Mtu yule yule, shtaka lile lile.

Kwenye kesi za madai haki hii ni finyu zaidi, ila ipo. Mwaka 1979 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya Johanna Airey, mwanamke wa Ireland aliyetaka amri ya kutengana na mumewe lakini hakuwa na fedha za wakili. Serikali ilisema alikuwa huru kwenda mahakamani mwenyewe. Mahakama ikajibu kwamba haki inayolindwa ni ile inayotumika kweli, na kesi ya namna ile ilikuwa ngumu mno kwa mtu asiye na msaada.

Nchi nyingi zimeliweka jambo hili kwenye sheria zake: India mwaka 1987, Sierra Leone 2012, Kenya 2016, Tanzania 2017. Kwa hiyo usiingie ofisini kama mtu anayeomba sadaka. Umefuata kitu ambacho sheria inakitambua kuwa chako.

Sina kesi mahakamani. Naweza kwenda?

Ndiyo, na huo ndio wakati mzuri kuliko wote. Tungependa msomaji akisahau mengine yote abaki na hili: nenda mapema.

Watu wengi hufika kwenye dawati la msaada wa kisheria jambo likiwa limekwisha kuharibika. Amekwisha kutia sahihi hati ya kuuza ardhi asiyoielewa. Amekwisha kukubali malipo madogo ya kuachishwa kazi na kuandika kwamba hana madai zaidi. Amekwisha kupitwa na siku za kukata rufaa. Wakili mzuri anaweza kufanya mengi, lakini kufuta sahihi ya mtu mzima mwenye akili timamu ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezekani.

Nenda kabla ya kutia sahihi jambo lolote linalohusu nyumba, ardhi, mkopo au dhamana ya mkopo wa mtu mwingine. Nenda siku unayopewa barua ya onyo kazini, usisubiri ile ya kufukuzwa. Nenda msiba ukiisha na mali ya marehemu haijaguswa, kwa maana ugomvi wa mirathi huanza pale mtu mmoja anapochukua kitu kimoja "kwa muda" na wengine wakanyamaza. Nenda mwenye nyumba anapoanza kutishia kukutoa, vyombo vikiwa bado viko ndani. Ushauri wa nusu saa wakati huo unaweza kukuepusha na kesi ya miaka.

Nani anatoa huduma hizi?

Sura ni nyingi. Kuna ofisi za serikali, kama Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria ya Kenya, Legal Aid South Africa, au ofisi zinazoitwa MAJ zilizoko kila wilaya nchini Rwanda. Kuna mashirika yasiyo ya kiserikali, mengi yakijikita kwenye eneo moja kama haki za wanawake, ardhi, wakimbizi au watoto. Kuna vyama vya mawakili vinavyowataka wanachama wao watenge muda wa kuhudumia bila malipo. Kuna vitivo vya sheria vyuoni, ambako wanafunzi huhudumia watu chini ya usimamizi wa walimu wao.

Halafu kuna vituo vya kijamii, ambavyo historia yake inatupa moyo. Mwaka 1970 kituo cha North Kensington kilifunguliwa London katika chumba kilichokuwa bucha, makusudi kabisa, ili mpangaji anayedhulumiwa apite mlangoni bila woga wa ofisi kubwa. Mwaka 1972 huko Melbourne kituo cha Fitzroy kilianza kwenye chumba cha chini cha jengo la manispaa. Mwaka uliofuata, 1973, Kituo cha Sheria kilianzishwa Nairobi na mawakili waliotaka kuwahudumia maskini. Vyote vitatu vilianza na wazo moja, kwamba mwanasheria amfuate mwananchi aliko.

Msaidizi wa kisheria ni wakili?

Hapana. Wakili amesomea shahada ya sheria, ameapishwa, jina lake limo kwenye orodha rasmi ya mawakili, na ana ruhusa ya kusimama mahakamani kwa niaba yako. Msaidizi wa kisheria ni mtu aliyepata mafunzo mafupi ya sheria za kila siku na anayeishi karibu na watu anaowahudumia. Anaweza kukupa ushauri wa awali, kukusaidia kuandika malalamiko, kukusindikiza polisi au kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, kusuluhisha, na kukuelekeza kwa wakili jambo likizidi kina chake. Kwa kawaida haruhusiwi kukuwakilisha mahakamani.

Usimdharau kwa sababu hiyo. Malawi, kuanzia mwaka 2000, wasaidizi wa kisheria walianza kuingia magerezani kuwafundisha mahabusu namna ya kuomba dhamana na kujieleza mbele ya hakimu, katika nchi ambayo mawakili walikuwa wachache mno kuweza kuwafikia. Mwaka 2004 wajumbe kutoka nchi mbalimbali walikutana Lilongwe na kutoa azimio kuhusu msaada wa kisheria Afrika, na azimio hilo linawatambua watu hawa waziwazi. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa nao ukawataja katika kanuni zake kuhusu msaada wa kisheria kwenye kesi za jinai. Kwa mtu anayeishi mbali na mji, huyu ndiye mlango wa kwanza, na mara nyingi jambo humalizika hapo hapo kwake.

Nitaipataje ofisi iliyo karibu nami?

Anza na masjala ya mahakama iliyo karibu. Makarani wake wanajua ni nani anakuja kuwasaidia watu pale na siku gani, na mahakama nyingi zina dawati la msaada ndani ya jengo lenyewe. Ukikosa hapo, uliza ofisi ya ustawi wa jamii au ya maendeleo ya jamii, ofisi ya serikali ya mtaa au ya chifu, chama cha mawakili, au kitivo cha sheria cha chuo kikuu. Mfanyakazi aulize chama chake cha wafanyakazi. Mkimbizi aulize kwenye ofisi inayomhudumia kambini.

Mashirika mengi yana namba ya simu isiyotozwa. Ukiipata mtandaoni, hakikisha imetoka kwenye tovuti ya shirika lenyewe au ya wizara inayosimamia sheria, kwa kuwa matapeli nao hutangaza "mawakili wa bure" na kisha kuomba fedha ya kufungua jalada.

Nani anastahili?

Ofisi nyingi huangalia mambo mawili. La kwanza ni uwezo wako: unapata kiasi gani, una wategemezi wangapi, una mali gani. La pili ni uzito wa jambo lenyewe: lina msingi wa kisheria, na lina nafasi ya kufanikiwa? Hilo la pili huwashangaza watu. Mtu anaweza kuwa maskini kabisa na bado akaambiwa jambo lake halina msingi. Ni vizuri aambiwe hivyo mapema na bure, kuliko kuambiwa na hakimu baada ya miaka miwili.

Yapo makundi yanayopokelewa bila kupimwa kipato. Sheria ya India, kwa mfano, inawapa haki hiyo wanawake, watoto, watu wenye ulemavu, walio kizuizini na waliokumbwa na maafa makubwa, na wengineo. Kwingineko, watoto walio kwenye mgogoro na sheria na waliofanyiwa ukatili wa kijinsia ndio hupewa kipaumbele.

Nina kazi na nyumba. Nitakataliwa?

Si lazima. Ushauri wa mara ya kwanza hutolewa kwa mtu yeyote katika vituo vingi, na kipimo cha kipato huanza kutumika pale unapohitaji wakili wa kukuwakilisha. Tena mali ambayo ndiyo inayogombaniwa, au iliyo mikononi mwa mume au mke uliyekosana naye, mara nyingi haihesabiwi kuwa uwezo wako. Sema ukweli kuhusu kipato chako. Ukificha na ikajulikana baadaye, unaweza kuondolewa kwenye huduma kesi ikiwa katikati.

Mambo gani huwa hayashughulikiwi?

Migogoro ya kibiashara ya makampuni, kwa kawaida. Madai madogo ambayo gharama yake inazidi kinachodaiwa huelekezwa kwenye usuluhishi. Ofisi nyingine hazichukui kesi za jinai kabisa, nyingine huchukua hizo tu. Mipaka hii hubadilika kufuatana na bajeti na siasa: England na Wales zilianzisha mpango wao kwa sheria ya 1949, na kuanzia Aprili 2013 sehemu kubwa ya mashauri ya ndoa, ajira na mafao iliondolewa. Kwa hiyo jibu ulilopewa na jirani yako miaka mingi iliyopita linaweza kuwa limepitwa. Uliza upya.

Niende na nini?

Kitambulisho kama unacho, na kila karatasi inayohusu jambo lako, hata ile unayodhani haina maana. Mikataba, risiti, barua, hati za mahakama, cheti cha ndoa au cha kifo, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) au fomu nyingine ya matibabu, taarifa za malipo ya simu, picha, ujumbe mfupi. Usifute ujumbe kwa aibu ya maneno yako mwenyewe. Mwanasheria anahitaji kuona mazungumzo yote, na maneno uliyoyafuta kwako bado yamo kwenye simu ya mwenzako.

Kabla ya kwenda, kaa uandike kwa ufupi mambo yalivyotokea kwa kufuata tarehe. Kama huandiki, mwambie mtu unayemwamini akuandikie. Muda wa kuonana na mwanasheria ni mfupi, na nusu yake huishia kwenye kutafuta "ilikuwa mwezi gani vile". Andika pia majina ya walioshuhudia.

Toa nakala, na asili zibaki kwako. Ofisi ikihitaji asili, omba uandikiwe kwamba imeichukua.

Kama huna karatasi hata moja, nenda hivyo hivyo. Wapo watu waliofukuzwa nyumbani usiku na nguo walizovaa, na ofisi hizi zinalijua hilo.

Siku ya kwanza itakuwaje?

Utapokelewa na mtu atakayeandika jina lako, jina la unayemlalamikia na muhtasari wa tatizo. Utasubiri, pengine kwa muda mrefu. Kisha utaonana na mwanasheria au msaidizi wa kisheria faraghani. Atauliza maswali, mengine ya kuudhi kidogo, kwa sababu anajaribu kuuliza yale ambayo upande wa pili watakuuliza. Jibu kwa ukweli, hasa yale yanayokuumbua. Udhaifu wa kesi yako ukijulikana mapema unaweza kuandaliwa majibu. Udhaifu huo ukijitokeza kwa mara ya kwanza mahakamani, wakili wako anakosa la kusema.

Usiondoke kabla hujaelewa mambo matatu: hatua inayofuata ni ipi, nani ataifanya, na tarehe ya mwisho ni lini. Omba uandikiwe.

Nitakayosema yatabaki siri?

Ndiyo. Wakili amefungwa na kiapo cha taaluma yake, na kwa kawaida hawezi kulazimishwa kuieleza mahakama mambo uliyomwambia ili akushauri. Mipaka ipo: hawezi kukusaidia kupanga uhalifu, na mtoto akiwa hatarini huenda sheria ikamtaka atoe taarifa. Kwa msaidizi wa kisheria, kinga ya mahakamani haifanani katika nchi zote, hivyo muulize mwanzoni kabla hujamweleza mambo mazito.

Ukienda na ndugu au rafiki, fahamu kwamba yeye hana kinga hiyo. Mwombe akusubiri nje mnapofika kwenye mambo ya ndani.

Wameniambia hawawezi kunihudumia kwa sababu mwenzangu aliwatangulia. Ni haki?

Ni haki, ingawa inauma. Ofisi moja haiwezi kuwashauri watu wawili wanaogombana, maana ingekuwa inazijua siri za wote wawili. Wana wajibu wa kukuelekeza ofisi nyingine. Usiondoke bila jina la ofisi hiyo.

Nimeletewa hati ya wito. Nifanye nini?

Kwanza, usiikatae wala kuichana. Kukataa kupokea hakuifuti kesi; aliyeileta ataapa kwamba umekataa, na kesi inaweza kuendelea bila wewe. Kuipokea si kukiri chochote.

Pili, tafuta tarehe. Kuna tarehe ya kufika mahakamani, na kwenye kesi za madai mara nyingi kuna idadi ya siku za kuwasilisha utetezi wa maandishi, ambazo huanza kuhesabiwa siku ulipopokea. Andika siku hiyo nyuma ya karatasi.

Tatu, peleka karatasi hiyo kwenye ofisi ya msaada wa kisheria siku hiyo hiyo au inayofuata. Sema mlangoni kabisa, "Nina tarehe ya mahakama." Ofisi nyingi huwatanguliza watu wenye tarehe za karibu.

Kama siku imefika na hujapata wakili, nenda mahakamani hata hivyo. Ukiitwa jina, simama, mweleze hakimu kwamba unatafuta msaada wa kisheria na unaomba muda. Mahakimu wengi huahirisha kwa ombi la namna hiyo, hasa mara ya kwanza. Asiyefika anaweza kuamuliwa kesi upande mmoja, na kuifungua upya kunahitaji maombi, kiapo na sababu za kueleweka.

Nina muda gani wa kudai haki yangu?

Inategemea jambo na nchi, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali Tanzania anatakiwa kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Afrika Kusini nayo ni siku 30 kwenda tume yake ya usuluhishi. Kenya, kufungua shauri la ajira mahakamani, ni miaka mitatu. Mtu aliyehama nchi akaendelea kuamini kwamba ana miaka anaweza kujikuta alikuwa na mwezi mmoja.

Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza sababu ya kuchelewa siku kwa siku. "Sikujua sheria" kwa kawaida haikubaliki. "Bado tulikuwa tunazungumza na mwajiri" pia mara nyingi haikubaliki, na hii ndiyo inayowaponza wengi: mtu anapewa ahadi za maneno wiki baada ya wiki hadi siku zinakwisha. Mazungumzo yaendelee, na madai yako yawe yamekwisha kufunguliwa.

Ndugu yangu amekamatwa. Tuanzie wapi?

Jueni kituo alichoko na kosa analotuhumiwa. Mpigieni mtu wa msaada wa kisheria kabla hajaandika maelezo, kwa sababu maelezo ya polisi ndiyo hurudi kumng'ang'ania mtu kesi ikianza. Ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili au ndugu, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya muda uliowekwa na sheria. Kama ni mtoto, semeni umri wake mara moja na pelekeni uthibitisho, kwani hatakiwi kuwekwa pamoja na watu wazima.

Msitoe fedha kwa mtu anayedai "atalimaliza". Dhamana ya polisi haiuzwi.

Ni bure kweli? Hakuna gharama yoyote?

Huduma ya mwanasheria ni bure. Gharama nyingine zinaweza kuwepo: ada ya mahakama ya kufungua shauri, nauli, nakala, ripoti ya mpima ardhi au ya daktari. Mahakama nyingi zina utaratibu wa kumsamehe ada mtu asiye na uwezo, lakini lazima uombe, na ofisi ya msaada ndiyo hukuandikia ombi hilo. Wachache hulifahamu hili, na wapo wanaoacha madai halali kwa kukosa ada ambayo wangesamehewa.

Uliza pia kuhusu gharama za upande wa pili. Kwenye kesi za madai, anayeshindwa anaweza kuamriwa kumlipa mshindi gharama zake. Nchi nyingine zinamlinda mwenye msaada wa kisheria dhidi ya amri hiyo, nyingine hazimlindi. Ni swali la kuuliza kabla ya kufungua kesi.

Mtu yeyote ndani ya ofisi hiyo akikuomba "chai" au "ya kuharakisha jalada", huo ni ufisadi. Ripoti kwa msimamizi wake au kwa mamlaka iliyowasajili. Na jihadhari na vishoka wanaozunguka nje ya mahakama wakijiita mawakili: wanaandika hati zenye makosa, hati zinatupwa na mahakama, na fedha yako hairudi. Wakili wa kweli hakasiriki ukimwomba namba yake ya usajili. Orodha ya mawakili iko wazi kwa umma.

Wakili asiyelipwa na mimi atanipigania kweli?

Hofu hii inaeleweka. Lakini wakili wa msaada wa kisheria yuko chini ya kanuni zile zile za maadili, na anaweza kuadhibiwa kwa uzembe kama mwingine. Tena amezoea kesi za aina yako. Aliyeshughulikia matunzo ya watoto kila siku analijua jambo hilo kuliko wakili ghali wa mikataba ya makampuni. Upungufu wake wa kweli ni muda. Ana majalada mengi. Kwa hiyo msaidie: fika kwa wakati, leta vielelezo vimepangwa, mpe namba ya simu inayopatikana, na mjulishe ukihama.

Akikosa kufika mahakamani bila sababu, au asipokupa taarifa kwa muda mrefu, mlalamikie kwa maandishi kwa mkuu wa ofisi. Una haki ya kuomba kubadilishiwa.

Sijui kusoma, au sijui vizuri lugha ya mahakama.

Sema hivyo mwanzoni, bila haya. Usitie alama ya kidole kwenye kitu ambacho hujasomewa chote kwa lugha unayoielewa. Mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama ana haki ya mkalimani bila malipo, na hii imo kwenye ibara ile ile ya 14. Kiziwi ana haki ya mkalimani wa lugha ya alama. Usikubali kutafsiriwa na mtu wa upande wa pili.

Nimeambiwa twende usuluhishi. Nikubali?

Mara nyingi, ndiyo. Majirani wanaogombea mpaka, ndugu wenye mgogoro wa mirathi, mpangaji na mwenye nyumba: hawa wataendelea kuonana kesi ikiisha, na makubaliano waliyoyafikia wenyewe hudumu kuliko amri. Makubaliano yaandikwe, yasainiwe mbele ya mashahidi, na ikiwezekana yasajiliwe mahakamani ili yawe na nguvu ya hukumu.

Kuna mahali usuluhishi haufai. Kubaka, kumnajisi mtoto, kipigo cha nyumbani: haya ni makosa ya jinai, na kuyamaliza kwa faini ya kifamilia ni kumrudisha aliyeumizwa mikononi mwa aliyemuumiza. Mtu akikushinikiza "mmalizane kifamilia" katika jambo la namna hiyo, hata akiwa mzee unayemheshimu, una haki ya kukataa.

Ninapigwa nyumbani na simu yangu inakaguliwa. Nitawafikiaje?

Tumia simu ya mtu unayemwamini. Mwambie mtoa huduma saa za kukupigia na aseme nini mtu mwingine akipokea; wamefunzwa kufanya hivyo. Futa namba kwenye orodha ya simu ulizopiga. Zahanati ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu hakuna anayeshangaa ukienda, na watoa huduma wa afya wanaweza kukuunganisha. Weka nakala za vyeti vya watoto na hati muhimu nje ya nyumba. Kama uko hatarini sasa hivi, mahali salama kwanza, kesi itafuata.

Nimekataliwa. Ndiyo mwisho?

Hapana. Omba sababu kwa maandishi. Mipango mingi ya serikali ina ngazi ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa kukunyima huduma, na siku zake ni chache. Ukikataliwa kwa kukosa nyaraka, zilete. Ukikataliwa kwa sababu ofisi haishughulikii aina ya jambo lako, omba wakuelekeze inayolishughulikia. Na kama ni kesi ya jinai, mwombe hakimu au jaji mwenyewe aamuru upewe wakili. Nchi nyingi zimempa mamlaka hayo.

Nimeshinda kesi lakini sijalipwa kitu.

Hili huwavunja moyo watu wengi. Hukumu haijitekelezi. Mdaiwa asipolipa kwa hiari, ni wewe unayetakiwa kurudi mahakamani kuomba hukumu itekelezwe: kukamatwa kwa mali yake, kukatwa mshahara wake, au kuzuiwa kwa fedha zake benki. Hayo ni maombi mapya, yana fomu zake na muda wake wa ukomo. Chukua nakala za hukumu na tuzo (amri inayotokana na hukumu) zilizogongwa muhuri, orodhesha mali za mdaiwa unazozijua na mahali zilipo, jina la mwajiri wake kama unalijua, kisha rudi kwenye ofisi ile ile iliyokusaidia. Jalada lako bado liko kwao, na sehemu hii ya kazi nayo haina malipo.